Ukuta Uliokuwa Rahisi Kuliko Kisima

Mlinzi wa ukuta alipigwa sepetu shingoni mchana kweupe, nami nilikuwa karibu naye, nimeshika ufito wa chuma wa kupimia kina cha mchanga. Hakupiga kelele. Alikaa chini kama mtu aliyechoka na safari, akaweka kiganja pale palipokatwa, kisha akalala kwa ubavu kwenye mchanga uliokuwa na unyevu bado. Aliyempiga aliitazama sepetu yake kwanza, halafu akanitazama mimi. Alivaa fulana ya timu ya mpira iliyofifia rangi. Nadhani alikuwa anashangaa kuliko mimi.

Mimi ni mhandisi wa maji. Nimezaliwa Kitui, katika nyumba ambayo mama yetu aliamka kabla jogoo hajawika ili kuufuata mto na punda, na miaka ile nilikuwa nimeajiriwa na mradi mdogo wa maji upande wa Makueni. Kazi yangu haikuwa kujenga hasa. Ilikuwa kulinganisha. Watu wakikosa maji, mara nyingi kuna njia zaidi ya moja ya kuyapata, na kila njia ina bei ya kuianzisha na bei ya kuishi nayo. Ukizitazama siku ya kwanza tu, utadanganyika. Kwa hivyo nilichukua gharama zote za miaka mingi ijayo, mafuta, vipuri, mishahara ya mafundi, nikazirudisha zote kwenye thamani ya leo ili zipimwe kwa mizani moja. Niliipenda sana kazi hiyo. Niliona kwamba ndiyo heshima kubwa unayoweza kumpa mtu maskini: kumwambia ukweli wa bei kabla hajachagua.

Katika kijiji ninachosimulia, chini ya milima ya Mbooni, njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa kuchimba kisima kirefu kwa mashine na kuweka pampu ya dizeli. Dizeli ni rahisi kununua injini yake, lakini inakula kila siku, na siku isipokula hakuna maji. Ya pili ilikuwa kisima hichohicho kwa sola: ghali mwanzoni, halafu inatulia mpaka pampu ife. Ya tatu ilikuwa kujenga ukuta wa zege kukata mto wa msimu. Mafuriko yakija yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani yake mahali jua haliwezi kuyafikia. Kiangazi kikifika unachimba kidogo tu na kuteka. Hakuna injini. Mawe yapo, mikono ya watu ipo, kinachonunuliwa ni simiti na vyuma.

Niliwaeleza hayo kwenye uwanja wa kanisa, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki. Mwenyekiti wa kamati yao alikuwa mama mmoja mjane, mkulima wa ndengu na maembe, mfupi, mwenye sauti ya kwaya. Sote tulimwita Mwaitu, yaani mama. Nilipomaliza, mtu wa kwanza kusimama alikuwa mwanawe mkubwa, mwanamume wa miaka thelathini hivi. Riziki yake ilikuwa kupakia mchanga kwenye malori yanayoupeleka mijini kwa wajenzi.

"Injinia," akasema, "unajua unatuwekea nini hapo? Mchanga wote wa huu mto utakuwa umekusanyika mahali pamoja. Lori itajaa bila shida. Hata mimi nitakuja kupakia."

Watu wakacheka. Mama yake hakucheka. "Kaa chini," akamwambia.

"Nakaa, lakini nimesema. Chimbeni kisima. Kisima hakuna mtu atabeba kwa lori."

Nilirudi ofisini nikiwa na maneno yale kichwani, nikaongeza mstari kwenye hesabu ya ukuta. Niliuita ulinzi. Niliweka humo vizuizi vya mawe yaliyofungwa kwa waya kwenye kingo zote mbili, mtaro wa kukata njia ya malori, na mishahara ya walinzi wawili. Mstari ule ulipanda sana. Ukuta haukuwa rahisi tena. Ulikaribiana na kisima cha sola mpaka ningeweza kupendekeza chochote kati ya viwili hivyo.

Mkuu wangu aliisoma akiwa amesimama. "Hii ondoa," akasema.

"Malori yatakuja, mzee."

"Yakija kuna polisi. Sisi tunalinganisha mambo ya ufundi. Ukianza kuhesabu wezi, hakuna mradi utapita."

Tulibishana mpaka wenzetu wakafunga mlango wao. Nilimwambia kwamba gharama haiulizi kama ni ya ufundi au si ya ufundi, inakuja tu. Akaniambia nimesoma vizuri lakini bado sijui jinsi fedha zinavyotafutwa. Ripoti ilipelekwa bila ule mstari, na ukuta ukashinda kwa mbali. Kijiji kikajichagulia mlinzi, mzee mfuga nyuki anayeishi karibu na kingo. Malipo yake yalikuwa mahindi na maharagwe, kila nyumba kwa zamu yake.

Sisemi kwamba ukuta ule ulikuwa mbaya. Wanawake walibeba mawe wakiimba, simiti ikaletwa na mwenye duka mmoja wa Tawa, na baada ya mvua kurudi mara kadhaa mchanga ulikuwa umefika ukingoni mwa zege. Kiangazi kilichofuata watu waliteka maji masafi mwezi wa nane, jambo ambalo wazee walisema hawajaliona. Nilipita pale nikaona sukuma wiki kando ya mto na nikafurahi kama aliyejifungua.

Malori yalikuja kiangazi kilekile.

Siku yenyewe nilikuwa nimeenda kupima kina. Mlinzi alikuwa ananisaidia kushindilia ufito, akinihadithia jinsi nyuki wake walivyohama. Tulisikia injini kabla ya kuona kitu. Malori mawili yaliteremka kwenye njia ya ng'ombe upande wa pili, yakavunja ua wa mtu, yakaingia mtoni. Juu yake walikuwa wapakiaji na sepetu zao, na kando yao vijana wengine watano au sita wasiokuwa na sepetu. Hao walikuwa na mapanga.

Mlinzi alitembea kuyaelekea. Sikumzuia, sikudhani kuna cha kuzuia. Alisimama mbele ya lori la kwanza akanyoosha mikono kama anayefukuza mbuzi.

"Hapa hapana," akasema. "Huu ni mchanga wa watu."

Dereva akapiga honi. Mpakiaji mmoja akaruka chini amsukume. Mzee naye akamsukuma. Ndipo sepetu ikainuka.

Wanawake waliokuwa wakiteka maji walipiga nduru. Ile sauti ya hatari ikipigwa Ukambani haihitaji maneno. Kila anayeisikia anaacha alichoshika na kukimbia inakotoka. Walishuka kutoka mashambani kwa kingo zote mbili, wanaume na wanawake, na majembe, na marungu, na mmoja au wawili na upinde. Wale vijana wa mapanga walijaribu kusimama imara. Jiwe la kwanza lilimpata mmoja mdomoni, nikaona meno. Mshale ukapita karibu na kioo cha lori, mwingine ukamwingia kijana begani akaanza kuzunguka akiushika, anazunguka tu, analia kama mtoto.

Lori la kwanza lilirudi nyuma kwa nguvu likapanda ukingo na kutoroka, wengi wao wakining'inia. La pili lilikuwa limekwama. Magurudumu yalichimba mchanga na kila yalipozunguka lilizidi kuzama. Dereva aliruka akakimbia, na kijana wa sepetu aliyemuua mzee akakimbia naye. Sijamwona tena. Waliobaki nyuma wakakimbizwa mmoja mmoja.

Mpakiaji mmoja hakukimbia. Alikuwa upande wa pili wa lori, ameitupa sepetu, ameinua mikono. "Mimi ni wa hapa!" alikuwa anasema. "Mnanijua! Mimi ni wa hapa!"

Walimjua. Ndiyo sababu walimpiga vile. Alikuwa mwana wa Mwaitu.

Nimewahi kuona watu wakipigana sokoni na kwenye siasa, lakini sikuwa nimewahi kuona watu niliokula nao wakimpiga mtu waliyemlea. Walimpiga kwa rungu na kwa mateke, na mmoja kwa jembe upande wa bapa. Nilisikia mfupa. Niliingia katikati nikimshika mmoja kwa shati, nikapigwa kiwiko puani na kuanguka, damu ikaniingia kooni. Nikiwa chini niliiona sketi ya Mwaitu ikipita juu yangu. Alijitupa juu ya mwanawe kifudifudi, akamfunika kichwa kwa mikono yake miwili.

"Nĩ mwana wakwa!" alipiga kelele. Ni mtoto wangu. "Niueni mimi!"

Panga lilikuwa limeshainuka. Aliyelishika alikuwa mdogo wake mlinzi, fundi wa baiskeli niliyemjua vizuri, na macho yake hayakuwa yakiona. Lilishuka kwenye mkono wa Mwaitu, juu kidogo ya vidole. Halafu marungu yakaacha kuinuka, nikasikia maji yakitiririka kutoka kwenye mtungi ulioanguka.

Tangi la lori lilitobolewa, na lori likachomwa. Sikuona aliyeliwasha. Moshi mweusi ulipanda mpaka, nadhani, watu wa Kikima waliuona. Yule mwenye duka la Tawa aliyetuuzia simiti, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Garissa, alikuwa ameleta mabati kanisani na pikapu yake. Aliteremka mpaka mtoni bila kuuliza kitu. Alivua kanzu aliyovaa juu ya suruali, akamfunika mlinzi, kisha akasaidia kuwapakia Mwaitu, mwanawe, na yule kijana wa mshale pamoja, wote watatu nyuma, damu yao ikichanganyika kwenye chuma. Mimi nilikaa nao, nimeubana mkono wa Mwaitu kwa leso. Watu walitaka kumshusha yule kijana wa mshale. Mwenye duka aliwasha gari huku wameshika mlango.

"Mtamshusha kwangu?" aliwauliza. "Shusheni na mimi."

Wakaachia.

Mlinzi alizikwa Jumamosi. Baada ya maombi mjane wake aliniita kando ya nyumba, karibu na mizinga. Uso wangu ulikuwa bado umevimba.

"Ule ukuta," akaniuliza, "mliuhesabia miaka mingapi?"

"Thelathini, mama. Au zaidi."

"Na mzee wangu mlimhesabia mingapi?"

Hakuwa ananisuta, alitaka kujua kweli, kwa kuwa aliamini kwamba watu wa ofisi wanahesabu kila kitu. Nilimwambia kwamba niliandika ulinzi kwenye hesabu na ukaondolewa. Aliitikia kwa kichwa taratibu. "Basi aliondolewa naye," akasema, akarudi kwa wageni.

Polisi walinitaka niandikishe taarifa. Niliwaeleza juu ya kijana wa sepetu, fulana yake, lori lililotoroka. Waliniuliza pia ni nani aliyemkata mama. Nikawaambia. Sijawahi kujua kama nilifanya vyema, lakini nilikuwa nimeona na niliulizwa. Fundi wa baiskeli alishikwa siku hiyohiyo. Askari walipokwenda hospitalini kumwuliza Mwaitu, mkono wake ukiwa umefungwa mpaka kiwikoni, alisema hakuona.

"Nililala kifudifudi," akawaambia. "Nitaonaje kwa kisogo?"

Nilipomtembelea nilimwuliza kwa nini. Alikuwa amekaa kati ya vitanda viwili, chake na cha mwanawe ambaye alikuwa hajaamka.

"Yule amemzika ndugu yake," alisema. "Na mwanangu alikuja na hiyo lori. Unataka nianzie wapi, mwiitu wakwa?" Yaani binti yangu.

Fundi akaachiliwa. Tangu hapo nilipopita kijijini watu hawakuitikia salamu yangu. Walikuwa wamesikia ni nani aliyemtaja.

Kisha wakaamua kuuvunja ukuta. Si wote, wanaume wengi, na vijana karibu wote. Walisema umekula mtu na utakula wengine. Mkuu wangu alisikia akaja mwenyewe na gari la ofisi, akiwa na mimi na michoro. Hatukuvuka hata lango la kanisa. Jiwe lilivunja kioo cha nyuma, jingine likabonyeza mlango wa upande aliokaa. "Rudi na hesabu yako!" mtu akapiga kelele. Dereva aligeuza gari. Mimi nilifungua mlango nikashuka, si kwa ujasiri; nilikuwa na hasira na mkuu wangu aliyekaa kando yangu kuliko niliyokuwa nayo kwa waliorusha mawe. Yeye aliondoka.

Niliteremka mtoni. Walikuwa wameshaanza. Vijana walikuwa wanapiga juu ya ukuta kwa nyundo kubwa, jasho linawatoka, vipande vya zege vikiruka. Niliwaambia wasikilize kidogo tu. Niliwaambia bila karatasi yoyote: mkiuvunja, mvua moja itaupeleka mchanga wote, na maji nao. Kiangazi kijacho punda watarudi kule mbali walikokuwa wakienda. Hesabuni hizo safari, za nani, za mama zenu na dada zenu. Kisima cha sola mtakiomba, na labda mtapewa, lakini si mwaka huu wala ujao. Na wenye malori hawatakuwa wamepoteza chochote. Mtakuwa mmewasaidia kuchimba.

"Wewe ulitaja watu kwa polisi," kijana mmoja akasema, akaendelea kupiga.

Hawakuacha kwa maneno yangu. Waliacha kwa sababu wanawake walikuja. Mjane wa mlinzi alikuwa mbele, na nguo yake ya msiba. Alipanda juu ya ukuta akakaa pale nyundo zilipokuwa zinaangukia, akanyoosha miguu mbele kama aliye jikoni kwake. Mwingine akakaa karibu naye, na mwingine, mitungi mapajani, mpaka zege lote likajaa wanawake kutoka ukingo huu hadi ule. Kijana mmoja alikuwa ameinua nyundo. Alibaki ameiinua, chini yake amekaa mama yake mzazi.

"Piga," mama yake akamwambia.

Akaiweka chini.

Jioni ile nilirudi mjini kwa bodaboda nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa mkuu wangu. Nilimwambia kwamba mstari wa ulinzi utarudi au nitaenda kwa waliotoa fedha na kuwaeleza ulivyoondoka. Alikuwa bado amevaa shati lenye chenga za kioo. Alinitazama sana. "Andika tena," akasema. Sijui kama ni mimi niliyemwogopesha au ni lile jiwe.

Tulijaza mawe kwenye makasha ya waya kwenye kingo zote mbili, tukachimba mtaro mahali malori yalipokuwa yakiteremkia, tukaajiri walinzi kwa mshahara. Kwa bei ile, ukichanganya na ukuta wenyewe, tungekuwa tumepata kisima cha sola na chenji. Niliandika hivyo kwenye ripoti ya mwisho, neno kwa neno.

Malori hayakurudi pale. Yalihamia mto mwingine, mwendo wa nusu siku kwa miguu, ambako hakuna ukuta wala kizuizi. Mwaka uliofuata tulisikia kwamba huko nako mtu amekatwa akafa. Mto huo haukuwa kwenye mradi wetu. Nimejaribu mara nyingi kuona ningeiweka wapi gharama hiyo, na ingelipwa na nani, na sijapata.

Mwana wa Mwaitu aliamka. Hasikii kwa sikio la kushoto, na akisimama ghafla anatafuta kitu cha kushika. Alikwenda Kiboko akafanya kazi za mashamba, akarudi. Vidole viwili vya mama yake havikunjiki tena.

Mwaka jana niliwatembelea. Mwaitu alinipakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwa mkono wa kushoto, akinikataza kumsaidia. Tulikuwa tunakula, mimi, yeye na mwanawe, aliposimama mtu mlangoni na kubisha hodi. Alikuwa fundi wa baiskeli. Alikuwa ameleta gurudumu la mkokoteni alilolitengeneza. Aliponiona alisita, mguu mmoja ndani.

"Ingia," Mwaitu akasema. "Chakula kipo."

Akaingia, akakaa kwenye kigoda, akapokea sahani kwa mikono miwili. Baadaye mwana wa Mwaitu aliweka sahani yake chini nusu ikiwa haijaliwa, akashika ukuta, akasimama, akasema anaenda kumfungua ng'ombe. Fundi alitazama chini mpaka hatua zake zilipoisha uani. Kisha Mwaitu akamwongezea maharagwe.